Dadu Zilizotoka Darasani

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampuni ya Creative Publications ya California ilikuwa ikiwauzia walimu wa hisabati vifaa vya kufundishia. Kimojawapo kilikuwa seti ya dadu tano za plastiki ambazo hakuna iliyofanana na mwenzake: ya pande 4, ya 6, ya 8, ya 12 na ya 20. Zilikusudiwa kuwaonyesha wanafunzi yale maumbo matano yaliyowashughulisha Wagiriki wa kale, ambayo pande zake zote zinalingana. Gary Gygax, mkazi wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, aliziona kwenye katalogi ya vifaa vya shule, akaziagiza. Hakuwa mwalimu. Alikuwa amepoteza kazi yake ya bima huko Chicago mwaka 1970, na sasa alikuwa akitengeneza viatu nyumbani kwake huku akiandika kanuni za michezo ya vita. Dadu zile za darasani zikaja kuwa alama ya mchezo uliozunguka dunia: Dungeons & Dragons.

Historia ya mchezo huo na jamaa zake, yaani michezo ya kuigiza inayochezwa mezani, husimuliwa mara nyingi kama habari ya watu wazima wachache waliobuni kitu na vijana wengi waliokinunua. Ukiifuata kwa karibu utawaona vijana wakitunga, wakichapisha na wakiuza tangu siku za mwanzo. Idadi yao imepanda na kushuka, na kila ilipopanda, sababu haikuwa mbali. Ama gharama ya kunakili maandishi ilikuwa imeshuka, ama mtu mzima fulani alikuwa amekubali kazi ya kijana itoke nyumbani au darasani iende kwa wasomaji wasiomjua.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: watu wanne au watano huketi pamoja. Mmoja wao ni msimulizi, naye hueleza mahali walipo na yanayotokea. Kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, mwenye jina, nguvu na udhaifu ulioandikwa kwenye karatasi, na husema mhusika huyo atafanya nini. Pale ambapo matokeo hayana uhakika, dadu hurushwa. Hakuna mshindi, wala ubao si lazima. Mtoto anayesikiliza ngano ya bibi huitikia "hadithi njoo", lakini hawezi kumzuia sungura asiingie kisimani. Katika mchezo huu msikilizaji ndiye sungura, na akiamua kupita njia nyingine, bibi inambidi atunge upya papo hapo.

Kazi ya msimulizi ilianzia jeshini. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliboresha mchezo wa ramani uliobuniwa na baba yake, ambamo makamanda waliandika amri zao na kumkabidhi mwamuzi. Mwamuzi peke yake ndiye aliyeona pande zote mbili. Wazo hilo lilivuka bahari, likaingia katika vitabu vya kijeshi vya Marekani, na mwaka 1969 likamfikia mwanafunzi wa fizikia wa Minnesota aliyeitwa David Wesely. Yeye aliandaa vita vya kubuni kandokando ya mji wa Prussia aliouita Braunstein, na kwa kuwa wachezaji walikuwa wengi kuliko majeshi, akawapa waliobaki vyeo vya kiraia: huyu meya, yule mkuu wa chuo kikuu. Vita havikuanza kamwe. Wachezaji walitawanyika vyumbani wakala njama, wakatishana, wakadanganyana. Wesely aliona ameshindwa. Wenzake wakamtaka arudie. Mmoja wao, Dave Arneson, aliyekuwa naye bado mwanafunzi, akatunga nchi ya Blackmoor kuanzia 1971, yenye ngome na mahandaki chini yake, na mwishoni mwa 1972 akaenda kumwonyesha Gygax.

Hapo ndipo watoto wanapoingia. Gygax alipotunga mahandaki yake mwenyewe chini ya ngome ya Greyhawk, wa kwanza kuyaingia walikuwa wanawe Ernie na Elise, wote wanafunzi wa shule. Usiku uliofuata wakaja marafiki, akiwamo Rob Kuntz, kijana wa miaka kama 17 aliyekuwa akishinda nyumbani hapo. Kuntz hakubaki mchezaji tu. Muda si mrefu alikuwa akisimulia pamoja na Gygax, na mwaka 1975, kitabu cha kwanza cha nyongeza kilipotoka kwa jina la Greyhawk, jina la Kuntz lilikuwa kwenye jalada pamoja na la Gygax. Hakuwa ametimiza miaka 20.

Kampuni iliyouchapisha mchezo ilikuwa ndogo kiasi cha kutisha. Gygax na rafiki yake wa utotoni Don Kaye walitoa dola 1,000 kila mmoja. Brian Blume akaongeza 2,000. Januari 1974 wakatoa nakala 1,000 za sanduku la rangi ya mbao lenye vijitabu vitatu, kwa dola 10. Masanduku yalipangwa kwa mkono. Yalichukua karibu mwaka mzima kuisha.

Dadu zenyewe zilikuwa duni. Plastiki yake laini ilimeguka pembeni kadiri zilivyorushwa. Namba zilichimbwa bila kutiwa rangi, hivyo mnunuzi alisugua krayoni juu yake kisha akafuta, rangi ibaki ndani ya mitaro. Ile ya pande 20 haikuandikwa 1 hadi 20. Ilikuwa na 0 hadi 9 mara mbili, na mchezaji alizipaka namba za duru moja rangi tofauti ili kujua ipi ihesabiwe kuanzia 11. Mahitaji yalipozidi mwaka 1979, kampuni iliishiwa dadu, ikatia ndani ya sanduku vipande vya kadibodi vyenye namba vya kuchomolewa kikombeni. Mtoto aliyefungua sanduku hilo alijifunza mapema kwamba kilichohitajika ni bahati isiyopendelea mtu, na kwamba bahati hiyo inaweza kutengenezwa kwa mkasi.

Miaka kama 150 kabla ya hapo, katika kijiji cha Haworth kaskazini mwa Uingereza, watoto wanne walikuwa wamefanya karibu kila kitu kinachofundishwa leo katika kozi za utunzi wa michezo, bila mwalimu. Mwaka 1826 kasisi Patrick Brontë alirudi kutoka Leeds na sanduku la askari 12 wa mbao kwa ajili ya mwanawe Branwell. Charlotte, Emily na Anne walichukua kila mmoja askari wake, wakawapa majina. Askari wa Charlotte akawa Duke wa Wellington. Wa Branwell akawa Bonaparte. Askari hao walisafiri kwa meli hadi Afrika Magharibi, wakaanzisha miji na serikali, na watoto wenyewe wakajiweka juu yao kama majini wanne wenye uwezo wa kufufua waliokufa na kubomoa miji. Ule ulikuwa usimulizi wa mchezo, ukiwa na waamuzi wanne badala ya mmoja.

Kisha wakachapisha. Vitabu vyao vilipimwa kwa ajili ya askari, si watu: vingine havikuzidi sentimita 4 kwa 6. Maandishi yaliiga herufi za chapa, madogo kiasi kwamba msomaji wa leo huhitaji kioo cha kukuzia. Kurasa zilishonwa kwa uzi, na majalada yakakatwa kutoka karatasi za vifungashio. Ndani mna orodha ya yaliyomo, mashairi, hadithi na hata matangazo ya biashara, kama katika magazeti aliyosoma baba yao. Toleo moja ambalo Charlotte aliliandika mwaka 1830, akiwa na miaka 14, lina maneno zaidi ya 4,000 katika kurasa 20. Makumbusho ya nyumba yao huko Haworth yalilinunua kwenye mnada wa Paris mwaka 2019 kwa euro 600,000.

Lakini haifai kuwasifu tu. Afrika yao ilitoka katika kitabu cha jiografia na magazeti ya wakati huo, na Waashanti waliwekwa humo kama adui wa kushindwa na kama mali ya washindi. Watoto hao hawakumjua Mwashanti hata mmoja. Walirithi picha ya dunia kutoka meza ya chakula, wakaifanya kanuni ya mchezo. Jambo hilo linarudi tena na tena katika historia hii: anayeandika kanuni ndiye anayeamua nani ni shujaa na nani ni zimwi.

Baada ya 1974 kilichofungua milango ni mashine ya kudurufu. Kila aliyesoma shule kabla ya mashine za fotokopi anaikumbuka: karatasi ya stensili iliyochapwa kwa taipureta, wino mzito, mkono wa kuzungusha, na mitihani inayotoka ikiwa na harufu yake. Mwaka 1975 Ken St. Andre wa Phoenix, Arizona, aliona kanuni za Gygax zimemshinda kueleweka, akaandika za kwake, akachapa nakala 100 katika duka la uchapaji la chuo kikuu cha jimbo. Huo ndio mchezo wa Tunnels & Trolls. Juni mwaka huohuo, huko Los Angeles, Lee Gold alianzisha kijarida cha Alarums and Excursions. Hakikuwa na mhariri kwa maana ya kawaida. Kila mchangiaji aliandika kurasa zake, Gold akazikusanya, akazibana na kuzituma kwa posta. Humo wachezaji walibishana kuhusu kanuni, wakakosoana, na mwezi uliofuata wakajibiana. Aliyetaka kujifunza utunzi alikuwa na darasa linalokuja ndani ya bahasha.

Mwaka 1976 Jennell Jaquays, akiwa mwanafunzi wa chuo huko Michigan, alianzisha pamoja na marafiki kijarida cha The Dungeoneer. Aliandika, akachora ramani, akachora mazimwi. Mahandaki aliyoyatunga baadaye kwa ajili ya wachapishaji wakubwa yakawa mfano unaotajwa mpaka leo wanapofundishwa wachoraji ramani: milango mingi ya kuingilia, njia zinazozunguka na kukutana, ghorofa zinazounganishwa na ngazi za siri, ili mchezaji awe na maamuzi ya kweli badala ya kufuata ushoroba mmoja.

Huko Uingereza, Steve Jackson na Ian Livingstone walikuwa wameanzisha Games Workshop pamoja na John Peake mwaka 1975, na miaka miwili baadaye wakatoa jarida la White Dwarf. Lilikuwa na safu iliyochapisha mazimwi yaliyobuniwa na kutumwa na wasomaji. Mwaka 1979 safu hiyo ilichapisha viumbe walioitwa githyanki, wapiganaji wembamba wenye ngozi ya manjano waliowahi kuwa watumwa wa viumbe wengine wakaasi. Aliyewatuma alikuwa Charles Stross, mvulana wa Leeds wa miaka kama 14. Don Turnbull, aliyesimamia safu hiyo, alipokusanya mazimwi bora kuwa kitabu kizima, Fiend Folio, kilichotoka 1981, githyanki akawekwa juu ya jalada. Stross alikua akawa mwandishi mashuhuri wa hadithi za kisayansi. Viumbe wake walibaki ndani ya mchezo kwa zaidi ya miaka 40, na mmoja wao, Lae'zel, ni kati ya wahusika wakuu wa Baldur's Gate 3, mchezo wa kompyuta wa mwaka 2023 uliochezwa na mamilioni. Yote hayo yalianza kwa kijana aliyenunua stempu, na mhariri aliyesoma barua yake bila kuuliza umri.

Mhariri wa namna ya Turnbull anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa. Kubuni zimwi ni kazi ya jioni moja. Kulipima nguvu zake, kulisahihisha, kulipa nafasi kwenye ukurasa na jina la mwenyewe chini yake ndiko kunakomfanya mtoto aanze kujihesabu kuwa mtunzi.

Shule nazo zilichangia, nyakati nyingine kwa kuachia tu. Huko Texas, Richard Garriott aliiomba shule yake ya sekondari imruhusu kujifunza kuandika programu za kompyuta mwenyewe, kwani hakukuwa na mwalimu wa somo hilo. Wakampa nafasi na mashine ya teletype. Aliandika mchezo wa mahandaki, kisha mwingine, akiupa kila mmoja namba, akapita 20. Mwaka 1979 toleo lililofuata liliuzwa katika duka la kompyuta alilofanya kazi, likiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa kufunga kwa kubana, na karatasi za maelezo zilizonakiliwa. Aliliita Akalabeth. Mchapishaji wa California akalichukua, na kutoka humo ukazaliwa mfululizo wa Ultima.

Mwaka huohuo hofu ilianza. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alitoweka, na mpelelezi aliyeajiriwa na familia akawaambia waandishi wa habari kwamba huenda kijana alipotelea mahandakini akiucheza mchezo wa Gygax. Haikuwa hivyo, alikuwa ameondoka kwa sababu ya matatizo yake mwenyewe. Hata hivyo ikaandikwa riwaya, ikatengenezwa filamu, na mwaka 1983 kikaundwa kikundi cha wazazi kilichodai kwamba mchezo huo unafundisha uchawi na kuwasukuma watoto kujiua. Baadhi ya shule zilifunga vilabu. Mwaka 1990 Michael Stackpole, mtunzi wa michezo, alichapisha uchunguzi uliobomoa madai hayo moja baada ya jingine. Waliopata hasara ni wanafunzi waliokuwa wakikutana baada ya masomo, ambao kwa miaka kadhaa walicheza kwa kificho na hawakuthubutu kumwonyesha mwalimu walichokiandika.

Cha ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo vitabu vya mchezo vilikuwa vikifundisha vizuri kuliko wakati wowote. Daktari J. Eric Holmes, profesa wa mishipa ya fahamu, alikuwa ameandika upya kanuni za wanaoanza mwaka 1977. Mwaka 1981 Tom Moldvay alitoa toleo la watoto wa miaka 10 na zaidi, kurasa 64 tu. Sehemu yake ya mwisho inampeleka msomaji hatua kwa hatua: chagua sababu ya watu kwenda mahali hapo, chagua mazingira, amua mazimwi ya pekee, chora ramani kwenye karatasi ya mirabaraba, jaza vyumba. Ni somo kamili la utunzi. Huko Uingereza Jackson na Livingstone walikuwa wameandika The Warlock of Firetop Mountain mwaka 1982, kitabu cha hadithi ambacho msomaji huchagua ukurasa wa kwenda na kurusha dadu peke yake. Kiliuzwa mno, na miaka miwili baadaye Jackson akatoa kitabu cha bei nafuu kilichowafundisha watoto haohao jinsi ya kusimulia na kutunga kwa ajili ya rafiki zao. Mtoto aliweza kukinunua kwa pesa ya mfukoni, na hilo lilikuwa na uzito kuliko jambo lolote lililoandikwa ndani.

Nchini Uswidi mchezo wa Drakar och Demoner ulitoka mwaka 1982 kwa lugha ya nyumbani, na mwaka 1988 vilabu vya wachezaji vikaungana kuwa shirikisho la Sverok. Waswidi walifanya jambo ambalo wengine hawakulifikiria: waliihesabu michezo hii kuwa shughuli ya vijana kama mpira au kwaya. Sverok ikapata ruzuku ya serikali, na klabu ya watoto watano katika kijiji ikaweza kupata pesa ya chumba na karatasi. Wadenmark walipita njia yao. Tangu 1986 wamekuwa na mkutano wa Fastaval wakati wa Pasaka, ambapo washiriki huleta visa walivyovitunga, vikachezwa na wengine na kuhukumiwa. Tuzo yake ni sanamu ya pengwini wa rangi ya dhahabu. Mwaka 2006 Mads Lunau na Malik Hyltoft wakafungua katika mji wa Hobro shule ya bweni ya Østerskov, ambayo masomo yake yote, kuanzia hisabati hadi historia, hupitishwa ndani ya maigizo ya aina hii. Juma moja wanafunzi huwa raia wa dola ya kale, wakihesabu kodi na kutoa hotuba. Mwisho wa mwaka hufanya mitihani ileile ya taifa inayofanywa na wenzao.

Brazil inatugusa kwa karibu zaidi. Mchezo wa kwanza uliotungwa huko, Tagmar, ulitoka mwaka 1991. Mwaka 1999 Luiz Eduardo Ricon alitoa kupitia kampuni ya Devir vijitabu vidogo vya mchezo vilivyolenga shule, kila kimoja kuhusu kipindi cha historia ya nchi. Kimoja kilihusu Quilombo ya Palmares, dola ya watu waliotoroka utumwa katika karne ya 17, wengi wao wenye asili ya Angola na Kongo, ambao kiongozi wao Zumbi aliuawa mwaka 1695. Mwanafunzi anayecheza mkimbizi wa Palmares hana budi kuamua mwenyewe: kubaki shambani, kutoroka usiku, kumwamini au kutomwamini mjumbe wa gavana anayeleta ofa ya amani. Katika michezo ya watoto wa Haworth Mwafrika alikuwa adui wa kushindwa. Hapa ndiye anayerusha dadu.

Kufundisha utunzi kwa vijana leo kumekuwa kazi inayojulikana hatua zake, na inafaa kuitazama kwa karibu kwa sababu ni kazi ya mikono. Huanza na namba. Dadu mbili za kawaida zina miangukio 36. Jumla ya 7 hutokea kwa njia sita, jumla ya 2 kwa njia moja tu. Dadu moja ya pande 20 haina upendeleo huo: kila namba ina asilimia 5. Dadu tatu za pande sita zina miangukio 216, na 18 hupatikana mara moja tu kati ya hizo. Kijana anayetaka shujaa wake awe mtu wa kutegemewa atachagua dadu nyingi zinazovuta matokeo katikati. Anayetaka ulimwengu wa mshangao atachagua moja. Hapo hesabu za uwezekano, ambazo mtihani huziuliza kwa mipira myekundu na myeupe ndani ya mfuko, zinapata sababu ya kuwapo.

Hatua ngumu zaidi huja baadaye. Rasimu hupewa kundi lisilomjua mtunzi, naye hukaa pembeni na daftari, haruhusiwi kusema neno. Wachezaji husoma kanuni, huzielewa vibaya, hubishana, huruka ukurasa. Mtunzi huandika kila waliposita. Kwa kijana wa miaka 15 kukaa kimya wakati mgeni anaharibu kitu chake ni mateso, na hakuna somo la uandishi linalolingana nayo. Kosa la sarufi darasani hupata alama nyekundu. Mezani, sentensi yenye maana mbili husimamisha mchezo.

Mwisho ni karatasi. A4 moja iliyokunjwa katikati hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kinachobanwa kwa stepla mgongoni ni lazima kurasa zake zigawanyike kwa nne: 8, 12, 16. Mtunzi mwenye kurasa 13 atakata au ataongeza. Katika kijitabu cha kurasa 16 ukurasa wa 1 huchapwa kwenye upande mmoja na wa 16, wa 2 na wa 15, na anayekosea mpangilio huo hugundua baada ya kuchapa nakala zote. Wengi huanza na mchezo wa ukurasa mmoja. John Harper alionyesha mwaka 2013, katika Lasers & Feelings, kwamba mchezo mzima wa kusafiri angani unaweza kutosha hapo: kila mhusika ana namba moja tu, kati ya 2 na 5, na dadu husomwa juu au chini yake. Shindano la michezo ya maneno 200 lililoanzishwa mwaka 2015 lilibana zaidi.

Upande wa sheria ulifunguka kwa vishindo. Mwaka 2000 kampuni ya Wizards of the Coast, iliyokuwa imeununua mchezo wa Gygax, ilitoa leseni iliyoruhusu mtu yeyote kuchapisha vitabu vinavyotumia kiini cha kanuni zake. Mmoja wa waliotumia fursa hiyo ni Chris Dolunt, Mmarekani aliyetoa Nyambe mwaka 2002, kitabu kilichoweka mashujaa, mizimu na falme za Kiafrika katikati. Baadaye yakaja maduka ya mtandaoni yanayouza mafaili, uchapaji wa nakala mojamoja, na michango ya umma. Februari 2019 Kickstarter ilianzisha msimu wa vijarida vya michezo, na stepla ikarudi kwenye heshima yake. Huku Afrika, Kenechukwu Ogbuagu amejenga mjini Abuja kampuni ya NIBCARD, ambayo hutunga na kuchapa michezo ya ubao na karata.

Kwa wenye umri chini ya miaka 18 kuna kizuizi kimoja kisichozungumzwa vya kutosha. Majukwaa ya malipo na ya michango hutaka mwenye akaunti awe mtu mzima. Kijana anaweza kutunga, kuchora, kupanga kurasa na kutafuta wanunuzi, lakini fedha lazima zipitie kwa mzazi, mwalimu au maktaba. Hakimiliki haina sharti hilo. Chini ya Mkataba wa Berne, ambao Kenya ilijiunga nao mwaka 1993 na Tanzania 1994, kazi ni mali ya aliyeiandika tangu inapoandikwa, bila kusajiliwa. Kinacholindwa ni maandishi na michoro, si wazo la mchezo. Mwalimu makini huanzia hapo, na huandika kwenye karatasi, kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa, nani anamiliki nini na senti zinakwenda wapi.

Januari 2023 ilivuja rasimu ya leseni mpya ya Wizards of the Coast ambayo ingewabana watunzi wadogo na kudai sehemu ya mapato ya wakubwa. Wachezaji walipinga, wengi wakafuta usajili wao wa kulipia. Tarehe 27 mwezi huo kampuni ilirudi nyuma, ikafanya zaidi ya ilivyoombwa: iliweka kiini cha kanuni, takriban kurasa 400, chini ya leseni ya Creative Commons ambayo haiwezi kufutwa. Mwaka huohuo matoleo ya Kifaransa, Kijerumani, Kiitaliano na Kihispania yakafuata. Masharti yake ni kutaja chanzo na leseni yenyewe, na kuonyesha kama kuna kilichobadilishwa. Mwanafunzi wa Tanga au Kisumu anayetaka kuziweka kanuni hizo kwa Kiswahili, kubadilisha mazimwi yake kwa yale ya ngano za kwao, kuchapa kurasa 16 kwenye duka la fotokopi na kuziuza kwa wenzake hahitaji kuomba ruhusa ya mtu yeyote, mradi aya ya kutaja chanzo, leseni na mabadiliko iwepo ndani ya kijitabu chake.